Siku ya Tatu, Joka Lilisubiri

Miaka kumi na mmoja hatujalala nje ya nyumba yetu.
Ng'ombe themanini na wawili hawajui Jumapili,
hawajui sikukuu, wala harusi ya dada yako.
Wanajua saa kumi alfajiri
na mikono ya Siebren.

Ndipo jirani Oene akasema: nendeni, siku nne tu,
nitakamua mimi.
Tukafunga virago, tukaiacha Frisia tambarare,
Fenna akatapika mara mbili kabla ya mto,
Jelmer akaisoma ramani ya bustani ya michezo
kama karani anayesoma hukumu:
kwanza Joka, kisha Maporomoko,
kisha Joka tena.

Nami nilikuwa na ratiba. Sikufichi.
Kalamu za rangi tatu, rula, na moyo wa jemadari.
Kuamka saa kumi na mbili, langoni saa mbili na nusu.
Mtaka cha mvunguni, nikawaambia,
na mtaka Joka bila foleni,
wote sharti wainame.

Siku ya kwanza tuliinama vizuri:
Joka mara tatu kabla ya saa tano.
Alasiri Fenna alilala wima,
shavu kwenye chuma cha foleni,
aiskrimu ikimtiririka hadi kiwikoni,
na Jelmer akalia kwa sababu kofia yake
ilikuwa kofia.

Siku ya pili nikafuta nusu ya ratiba, nikaandika:
PUMZIKO, saa nane hadi saa kumi.
Nikalisimamia mlangoni. Laleni! Mbona hamlali?
Hakuna aliyelala.
Pumziko la amri ni kazi nyingine,
tena haina mshahara.

Na Siebren?
Usiku wote miwili, saa kumi, nilisikia kitanda kikilia.
Nilimkuta kwenye ngazi ya kibanda chetu, soksi miguuni,
akiikabili misonobari, viganja magotini
vikifumba na kufumbua, vikifumba na kufumbua.
"Sasa hivi wanakamuliwa," alisema bila kugeuka.
Jogoo wa shamba hawiki mjini, ni kweli,
ila wahenga hawakutuambia
kwamba huamka vilevile,
akakaa gizani na koo lake.

Siku ya tatu nilizinduka saa mbili.
Nikapapasa upande wake: joto.
Alikuwapo, mdomo wazi, mkono ukining'inia,
kama gunia lililoanguka kutoka kwenye trela
na dereva hana habari.
Nikaweka kidole chini ya pua yake. Anapumua.
Miaka kumi na minne ya ndoa,
sijawahi kumwona amelala na jua likimpiga usoni.
Kumbe kope zake zina madoa madogo ya kahawia.
Sikujua.

Watoto walisimama mlangoni na makoti ya mvua,
viatu, kwa mara moja, kwenye miguu sahihi.
Jelmer akanyoosha kidole kwenye saa.
Nikaweka changu mdomoni.
Akamtazama baba yake kitambo,
kama mnyama aliyemsikia kwenye vitabu tu,
kisha akainama, akavua viatu.

Tulikula nje, mkate na chembe za chokoleti,
tukizungumza kwa nyusi.
Nyuma ya miti Joka lilipanda mnyororo wake,
ka, ka, ka, ka, likanyamaza,
halafu watu wakapiga mayowe,
mayowe madogo, kama birika la jirani.
"Wanatupigia sisi," Fenna akanong'ona,
"ili baba asiamke."

Saa nne na nusu akatokea, nywele zimesimama.
"Nani amekamua?"
"Oene," tukajibu sote.
Akaketi. Akavuta mkate.
"Joka lina foleni ya dakika tisini," alisema Jelmer,
akikwaruza meza kwa kucha.
"Tisini," alirudia Siebren, akitafuna taratibu,
chembe za chokoleti kwenye ndevu.
"Basi nipe kipande kingine."